Nyumba zilizobaki zimesimama: kisa cha tetemeko la Bukoba, 2016

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, nilikuwa nimekaa kijiweni Nyakato nikimsubiri mteja wa mchanga. Nasema Nyakato hii yetu ya Mwanza, maana ile ya Bukoba nayo inakuja mbele ya kisa hiki. Benchi likatikisika kama mtu kalisukuma kwa goti. Tukatazamana. Mmoja akasema lori limepita, lakini lori lenyewe hatukuliona. Haikupita nusu saa simu zikaanza kuita kutoka ng'ambo ya ziwa, na kila aliyepokea alinyamaza kwanza.

Shirika la Jiolojia la Marekani lilipima ukubwa wa 5.9, kina cha kilomita 40 hivi chini ya ardhi, upande wa Missenyi karibu na mpaka wa Uganda. Kina kirefu namna hiyo ndicho kilichofanya tetemeko la wastani lisikike Uganda, Rwanda na hadi huku kwetu. Kwa Kagera, mkoa ambao Bukoba ndiyo makao yake makuu, halikuwa la wastani. Serikali ilihesabu watu 17 waliofariki. Majeruhi wa mwanzo walikuwa zaidi ya 250, na baadaye idadi ikafika 440. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Uwanja wa Kaitaba kwenye kuaga marehemu.

Wengi wamekwisha kuandika juu ya vifo na juu ya michango. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, na kilichonibana tangu wakati ule ni tarakimu nyingine. Hesabu ya kwanza kabisa ilitaja nyumba 840 zilizoanguka na 1,264 zilizopata nyufa. Siku chache baadaye takwimu za Serikali zilisema nyumba 2,063 zimeanguka, 14,081 ziko katika hali ya hatari, na 9,471 zina uharibifu mdogo. Hebu zipange pamoja. Zilizoanguka ziliongezeka mara mbili na kidogo. Zenye nyufa, ukijumlisha makundi mawili ya mwisho, ziliongezeka zaidi ya mara kumi na nane. Nyumba iliyolala chini kila mtu anaiona, hata akipita na gari. Iliyopasuka inahitaji mtu aingie ndani, aguse ukuta, aangalie juu. Na kwa kila nyumba moja iliyolala, karibu saba zilibaki zimesimama huku zikiwa hatari. Hizo ndizo kisa chenyewe.

Nilifika Bukoba siku ya nne. Wakati ule meli ya MV Victoria ilikuwa imesimama tangu 2014, kwa hiyo kwenda Bukoba kutoka Mwanza, kwa watu wa kawaida, ilikuwa ni barabara tu: foleni ya kivuko Kigongo hadi Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba. Tulipitana na malori ya magodoro na maturubai, nayo yanangoja kivuko kama sisi wenye mabegi. Mtu anayepanga namna ya kukabili maafa ya kanda ya ziwa angeanzia hapo: mji wa pwani ya ziwa ulikuwa umeumia, na meli ya abiria ya kuufikia ilikuwa imesimama.

Mama mdogo wangu anakaa Hamugembe, moja ya maeneo yaliyopigwa vibaya. Ni mjane. Nyumba aliijenga na marehemu baba mdogo: matofali ya kuchoma, yameunganishwa kwa udongo, halafu plasta nzuri ya saruji nje na ndani, bati juu. Kwa mbali ungesema haikuguswa. Yeye na wajukuu walikuwa wanalala kwenye migomba, chini ya turubai lililofungwa kwenye mashina mawili, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunukia. Mzee wa jirani, aliyekuwepo wakati wa vita vya 1978, aliniambia alipousikia ule mngurumo alijua Amin amerudi, akalala kifudifudi shambani. Alicheka alipokuwa akisimulia. Mama mdogo hakucheka. Aliniletea kigoda, akasema:

"Mwanangu, wewe ndiye fundi. Humu nilale, au nisilale?"

Nilikaa kimya. Nimesomea kujenga. Hakuna siku niliyofundishwa kuhukumu nyumba iliyoumia. Na yeye alikuwa ameshaandikishwa mara mbili. Walikuja watu wa mtaa wakauliza kaya ina watu wangapi, wakaja wengine wenye vizibao wakapiga picha ya ufa wa mbele. Hakuna aliyeingia chumbani. Hakuna aliyemwambia lala au usilale.

Tulianzia nje. Nilizunguka nyumba mara mbili bila kugusa kitu, maana matetemeko madogo yalikuwa bado yanakuja, na ukuta uliolegea haungoji kubwa. Kisha nikashusha timazi, ule uzi wenye kizito cha kupimia wima, kwenye kila kona. Ukuta wa pembetatu unaobeba mwisho wa paa, upande wa sebule, ulikuwa umetoka nje kwa upana wa vidole viwili. Hapo juu kona ilikuwa imeachana: ukuta mmoja umekwenda zake, wa pili umebaki, na mwanga unapita katikati. Sababu ilikuwa wazi. Nyumba haikuwa na lenta. Hakukuwa na mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya milango na madirisha kuzifunga kuta zote nne pamoja. Ardhi ikitikisika kila ukuta unacheza kivyake, na ule wa pembetatu, mrefu, mzito, usioshikwa na kitu juu, ndio hutangulia kuanguka. Huangukia nje, mara nyingi karibu na mlango ambao watu wanakimbilia.

Ndani, kati ya madirisha mawili ya sebule, nyufa mbili zilikuwa zimekatana kama mkasi. Nikachokonoa plasta kwa bisibisi. Ufa uliingia kwenye tofali lenyewe, ukatokea upande wa pili. Chumbani kulikuwa na nyufa nyingi zaidi, na ndizo zilizowatisha watoto, lakini nilipokwangua plasta tofali chini yake lilikuwa zima. Plasta ya saruji ngumu juu ya ukuta wa udongo laini hupasuka kama gamba la yai. Inatisha kuliko inavyodhuru. Kwa hiyo pale palipotisha palikuwa na nafuu, na sebule iliyoonekana na ufa "mmoja tu" ndiyo ilikuwa ya kukimbiwa.

Nikamwambia: sebule funga, usiingie hata kuchukua kiti. Chumba cha nyuma lala, ila kitanda kitoke ukutani, na mlango wenu uwe wa jikoni. Halafu tukafanya kitu ambacho mzee mmoja wa fani alinifundisha zamani kwa ajili ya msingi unaotitia. Tulichana karatasi kwenye daftari lake la jumuiya, tukazibandika kwa uji mzito wa unga kukatiza kila ufa, na yeye mwenyewe akaandika tarehe juu ya kila moja. Karatasi ikikauka huwa ngumu. Ukuta ukisogea, hata kwa unene wa ukucha, inachanika. Ikibaki nzima wiki nzima, na matetemeko madogo yamepita, ukuta umetulia.

Majirani wakaanza kuja. Hadi jioni nilikuwa nimekagua nyumba kumi na moja kwa timazi, bisibisi na macho. Si kazi ya uhandisi wa hali ya juu. Fundi mwashi yeyote mwenye akili angeweza kuifanya akielekezwa nusu siku. Na niliikosea. Nyumba moja niliipitisha kwa sababu kuta za nje zilikuwa nzuri, sikuangalia ukuta wa kati unaoishia darini bila kushikwa na kitu. Siku mbili baadaye ulimwaga matofali manne ya juu kwenye meza ya kulia chakula. Ilikuwa mchana, hakuna aliyeumia. Tangu hapo naanza na kuta za kati.

Kulikuwa na nyumba nyingine iliyonifundisha zaidi ya hiyo. Mwenyewe, mama wa makamo, alinifuata pembeni akaninong'oneza niseme ni mbovu. Ilikuwa nzima. Aliogopa kwamba nikisema nzima, jina lake litatoka kwenye orodha ya msaada. Simlaumu. Orodha ilikuwa moja, inafanya kazi mbili zinazopigana: kusema nani apewe blanketi, na kusema nani yuko hatarini. Anayeuliza "nyumba yako ina ufa?" akiwa amebeba karatasi ya misaada atajibiwa ndiyo na kila mtu, na mwenye ufa wa kuua anapotea katikati ya wenye ufa wa plasta. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la kiufundi la wiki zile, na halikuhitaji fedha kuepukwa. Daftari la msaada liandikwe na mtu mmoja, la usalama wa nyumba na mwingine, na wa pili asiwe na kitu cha kugawa.

Linganisha na shule. Ihungo na Nyakato, shule kongwe za sekondari pale Bukoba, zilipasuka vibaya, na uamuzi ulitoka upesi: zifungwe, wanafunzi waondoke. Baadaye Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa fedha za Uingereza. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na uliokoa watu, kwa kuwa shule ina mwenyewe mwenye mamlaka ya kusema "msiingie". Nyumba ya mjane wa Hamugembe ina mwenyewe pia, lakini mwenyewe huyo hana wa kumuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ilikuwepo, ya 2015, mbichi kabisa, na imefuatwa na nyingine ya 2022 yenye kamati za maafa kushuka hadi kijijini. Kamati ni kitu kizuri. Ila siku ya pili baada ya tetemeko, kamati bila mtu mwenye timazi itaandika majina tu.

Kisha likaja suala la fedha, ambalo nitalipitia haraka kwa sababu limesemwa sana. Ndani ya siku tatu harambee ya Ikulu ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni moja, fedha taslimu na ahadi. Mwisho wa mwezi Rais Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili kwa tuhuma za akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Januari 2017 alikuja Kagera mwenyewe akasema wazi kwamba Serikali haitajenga nyumba za watu binafsi, itashughulikia shule, zahanati na miundombinu. Watu walikasirika. Mimi hesabu ilinifanya nisikasirike na uamuzi. Jumlisha makundi yote matatu unapata nyumba 25,615. Kila bilioni moja ukiigawa sawa, nyumba moja inapata kama shilingi 39,000: mifuko miwili ya saruji, na wa tatu kwa bahati.

Kilichoniuma ni tarehe. Kati ya Septemba na Januari kuna vuli nzima. Niliona watu, na mwanzoni mama mdogo alikuwa mmoja wao, wasiogusa ukuta uliopasuka kwa kuamini mkaguzi atakuja, na ukishaurekebisha utahesabika umeshapona. Ukuta wa udongo ukishapasuka, mvua inaingia kwenye ufa, udongo unalegea, na kilichoachwa na tetemeko kinamaliziwa na maji. Jibu la "hatutajenga, ila tutakufundisha kutengeneza" lingetolewa wiki ya kwanza, hata bila senti, lingeokoa kuta nyingi kuliko mabati yaliyogawiwa. Hilo ndilo ninalosimama nalo, na najua wapo Wahaya watakaonikatalia, wakisema mtu aliyepoteza kila kitu humwambii habari za ufundi. Wana haki yao. Lakini wengi hawakupoteza kila kitu. Walikuwa na nyumba inayoponyeka.

Nilisikia pia, tena kwa watu wasomi, kwamba Kagera si nchi ya matetemeko na kwa hiyo nani angejiandaa. Kagera iko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Toro, upande wa Uganda, lilipigwa Machi 1966 na kuua watu zaidi ya mia. Waganda, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, wana jina Musisi, lenye maana ya tetemeko. Lugha haitungi jina la mtu kwa jambo lisilotokea. Na Wahaya wa zamani walilala ndani ya msonge, nyumba ya miti, matete na nyasi kutoka chini hadi juu. Ukitikisika unanesa, na ukianguka hauvunji fuvu. Siwashauri watu warudi huko, moto wake naujua. Nasema tu kwamba tulibadilisha nyasi kwa tofali, tukasahau kununua nondo.

Sasa kwetu Mwanza. Nchi nyingi zinazotetemeka mara kwa mara zina utaratibu wa wakaguzi wanaopita mtaa kwa mtaa na kubandika alama ya rangi mlangoni: kijani ingia, njano ingia kwa tahadhari au sehemu fulani tu, nyekundu usiingie. Nimewahi kusikia pendekezo kwamba tuige, tena kwa kupiga rangi ukutani. Anayependekeza hivyo hajakaa kando ya barabara kuu Tanzania. Hapa X nyekundu ukutani ina maana moja: hifadhi ya barabara, bomoa. Mpigie mtu X nyekundu baada ya tetemeko na atatafuta mwanasheria, au ataifuta usiku. Tumia karatasi, iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka: "Sebule usiingie. Chumba cha nyuma lala. Nitarudi Ijumaa." Iwe na jina la fundi, ili wa kuulizwa ajulikane.

Na ukaguzi wenyewe huku kwetu ungekuwa na swali moja zaidi. Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando: watu wamejenga katikati ya majabali, na kuna nyumba ambazo ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe. Kabla ya kutazama ufa, panda juu uone jiwe limekaa juu ya nini. Lililokaa juu ya mwamba mwenzake ni tofauti na lililokaa juu ya udongo ambao mvua inaula kila masika. La pili halihitaji tetemeko la Bukoba kushuka. Kuchimba mchanga wa kujengea chini yake, jambo ninaloliona kila nikipanda kule, ni kulisaidia.

Nyumba ya mama mdogo: karatasi ya sebuleni ilichanika siku ya tano, saa za usiku, baada ya kutikisika kidogo ambako hata hakuamka. Tuliuvuta ule ukuta wa pembetatu kwa kamba kabla ya mvua, vijana wanne, watoto wamepelekwa mbali. Matofali tuliyakwangua udongo tukayarudia. Safari hii tulipitisha lenta ya nondo nne kuzunguka nyumba yote, na pembetatu ya juu tuliifunga kwa mbao na bati badala ya tofali, kwa hiyo hakuna kizito cha kumwangukia mtu mlangoni. Gharama ilitoka kwenye kahawa yake na kwa ndugu. Karatasi za chumbani hazikuchanika. Alipopaka rangi miaka miwili baadaye aliziacha mbili, na mwandiko wake wa tarehe 14 Septemba unasomeka hadi leo.

Nilipolifikisha jambo hili kwenye mkutano wa mtaa wetu, niliomba tu tuwe na mafundi wawili wanaojulikana, wenye timazi na maelekezo ya nusu siku, ambao siku ikitokea wataanza kupita nyumba kwa nyumba bila kusubiri barua. Mwenyekiti alikubali palepale, akaandika majina mawili kwenye daftari. La kwanza ni langu. Wa pili amehamia Geita kwenye machimbo, na jina lake bado limo.